Mshono Usiofumuka

Mdogo wangu anashona viti. Sisemi nguo, nasema viti: makochi ya sebuleni, viti vya ofisini, viti vya magari, hata kile kiti cha kinyozi kinachozunguka amekishona mara tatu. Watu humwita Sindano, kwa sababu ni mwembamba na amenyooka, na akikuchoma na neno linatokea upande wa pili. Mimi ndiye dada yake mkubwa. Mume wangu alipofariki nilikuja kufanya kazi kwenye karakana yake, na kazi aliyonipa ni kufumua. Kiti kikiletwa nakaa kwenye kigoda na kiwembe changu, nakata nyuzi za zamani moja moja, naivua ile ngozi nzima bila kuichana, naye anailaza juu ya ngozi mpya na kukata kwa kuifuata. Anayefumua hujua siri za washonaji. Najua aliyeshona kwa haraka, najua aliyeshona akiwa na njaa, najua aliyebania uzi. Hayo nayajua kwa vidole. Sikuyasoma mahali, maana shule yangu iliishia darasa la saba.

Mshono wa Sindano sijawahi kuufumua bila kutoka jasho. Anashona mara mbili, kwa uzi mnene wa nailoni, hatua fupi fupi. Tena ana desturi yake: kazi ikiisha, hampi mteja kiti mpaka mteja aushike mshono kwa mikono miwili na kuuvuta.

"Vuta," atamwambia. "Usinionee huruma. Vuta kama unamtoa ng'ombe shimoni."

Mteja atavuta mpaka mishipa ya shingo imsimame, na mshono hautikisiki.

"Kamba hukatikia pembamba," Sindano husema, "na kwangu pembamba hakuna." Hapo ndipo hupokea pesa yake.

Mke wake, wifi yangu, ni mkunga kwenye zahanati iliyoko juu mlimani, mwendo wa saa nzima kwa gari. Kwa miaka mingi alipanda huko kwa pikipiki za kukodi, begi lake kalikumbatia kifuani. Asubuhi moja lori lililokuwa likishuka liliwasukuma hadi ukingoni. Mwenye pikipiki aliinuka akajipangusa vumbi. Wifi hakuinuka. Nyonga yake ya kushoto ilivunjika, na ilipounga iliunga vibaya, ikawa anatembea kama mtu anayepanda ngazi tusiyoiona sisi wengine.

Alikaa nyumbani miezi minane. Siku aliyosema anataka kurudi kazini, Sindano hakubisha, maana wifi habishiwi. Alisema jambo moja tu, tukiwa mezani sote watatu.

"Utarudi. Ila hutapanda tena kitu ambacho kikianguka unatangulia wewe. Utakaa ndani ya chuma, kwenye kiti nilichokishona mimi, na jioni utarudi mzima kama ulivyoondoka. Hilo nimemwahidi Mungu."

"Mungu umemwahidi," wifi akasema. "Na muuza magari je, umemwahidi nini?"

Tukacheka. Lakini niliutazama mkono wa mdogo wangu pale juu ya meza, ulikuwa umefumba ngumi. Nikajua kwamba hilo la kurudi mzima jioni si maneno ya kutuliza mke. Ndilo jambo alilokuwa akiishi kwa ajili yake.

Pesa aliyokuwa nayo ilitosha kigari cha kawaida. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anauza cha kwake, kidogo, cha kijivu, kakitunza kama daftari la mtihani. Nilimsihi Sindano akakione. Alikwenda, akakaa ndani dakika mbili, akatoka ameukunja mdomo.

"Dada, vile viti ni benchi la mahakamani. Nyonga ya mke wangu ikae humo saa nzima, kwenye mashimo yale?"

"Kiti si unaweza kukishona wewe?"

"Kiti kina mifupa, dada. Mimi nashona nyama. Mifupa mibovu siwezi kuibadilisha."

Ndivyo tulivyofika kwenye yadi ya magari, mimi na yeye, siku ambayo jua lilikuwa linachoma vioo vyote kwa pamoja. Dalali wa pale aliitwa Asali, na mwenye kumpa jina hakukosea.

"Karibu bosi, karibu mama yangu. Leo mmekuja kuoa au kuchumbia?"

"Tumekuja kuangalia," nikasema.

"Kuangalia ni bure, macho hayalipi ushuru. Piteni, piteni."

Gari lenyewe lilikuwa mwisho kabisa, ukutani, nyuma ya mengine yote. Lilikuwa refu, jeusi, la aina wanayopanda wakurugenzi wakiwa wamefunga vioo. Vumbi lililokuwa juu yake si la wiki moja. Sindano aliliona akanyamaza, na mdogo wangu akinyamaza ujue roho imekwishakwenda. Alifungua mlango wa mbele wa abiria. Ngozi ya kiti ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi, na pembeni, upande wa mlango, sponji ilikuwa imeanza kuchungulia.

Asali akakuna kichwa. "Hapo kwenye viti, bosi, sikufichi. Ndipo panaponiangusha. Wateja wakiona hivyo viti wanakimbia. Kwa ajili hiyo bei nimeiteremsha mpaka naona aibu."

Sindano alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya kiti, akanusa sponji, akabonyeza chemchemi kwa kiganja, moja moja, kama daktari anayetafuta panapouma. Injini hakuiuliza habari. Sikumwona akiinama kuangalia magurudumu. Wao wawili wakaanza kupatana, mimi nikasogea getini kutafuta kivuli.

Mlinzi alinipa kiti chake. Alikuwa mzee mpole. Alitazama kule ukutani, kisha akaniambia kwa sauti ndogo:

"Mama, lile limeshauzwa mara mbili tangu nianze kazi hapa. Na mara mbili limerudi."

"Limerudi kwa nini, baba?"

"Mimi nalinda geti. Gari huliona likipita. Sababu haipiti hapa."

Nilisimama nimwendee Sindano, lakini tayari walikuwa wameshikana mikono na Asali anacheka kwa meno yote. Njiani kurudi nilimweleza aliyoyasema mlinzi. Hakujali.

"Limerudi kwa sababu ya viti, dada! Huyu bwana ameniuzia gari la wakurugenzi kwa bei ya kigari cha mwalimu, kisa ngozi. Mimi, fundi ngozi! Ni kama kumpunguzia bata bei ya bwawa kwa sababu lina maji."

"Injini umeiangalia?"

"Imewaka."

"Hata kuni zinawaka, mdogo wangu."

Akacheka sana, akasema nimezeeka vibaya. Usiku huo katika sala zangu nilimtaja mlinzi yule, nikamwomba Mungu kwamba kama kulikuwa na neno ndani ya neno lake, anifungulie. Mungu hakunifungulia siku hiyo. Au alinifungulia siku iliyofuata, mimi nisione.

Maana siku iliyofuata kiti kile kilifunguliwa kwenye gari na kuletwa mbele ya kigoda changu. Nilianza juu, kwenye kichwa, nikashuka. Mishono ilikuwa ya kiwandani, migumu, iliyonyooka kama mstari wa rula. Nilipofika ubavuni, upande wa mlango, kiwembe kilinishangaza. Hakikuwa na kazi. Uzi wa pale ulikuwa mwingine, mwembamba, mkavu, na nilipouvuta kwa kucha tu ukaachia, ta-ta-ta-ta, urefu wa mkono mzima. Katikati ya mshono palishonewa kitambaa kidogo chenye herufi za kigeni. Na ndani, nyuma ya sponji, kulikuwa na kisanduku chembamba kilichofungwa kwenye chuma cha kiti, na juu yake mfuko mweupe uliokunjwa vizuri kama shuka la hospitali.

"Njoo uone maajabu," nikamwita. "Hawa watu wa kiwandani walishona kote kwa moyo, hapa wakachoka."

Sindano akauchukua ule uzi, akaukata kwa vidole viwili. "Hii ni aibu. Gari la watu wakubwa namna hii, halafu ubavu unashonwa na uzi wa kushonea pindo! Ndiyo maana pamepasuka."

"Na hiki kitambaa?"

"Jina la kiwanda. Kitoe, kinaharibu mstari."

Nikakitoa. Ule mfuko mweupe akausukuma nyuma kwa kiganja, akadhani ni kitu cha kuzuia sponji isilie. Sikumkataza. Nilicheka pamoja naye.

Nasema hapa hapa nilichokuja kukijua baadaye, nisimfiche anayesoma: mshono ule ulishonwa hivyo makusudi. Ule mfuko ni wa hewa. Gari likigongwa ubavuni, unajaa kabla mtu hajapepesa jicho, unaupasua ule mshono dhaifu na kukaa kati ya mtu na mlango. Kule kiwandani walipima uzi utakaokubali kushindwa. Na sisi, watu wawili tuliojisifu kwamba twajua mshono, tuliushona upya kwa nailoni ile nene, mara mbili, hatua fupi, ngozi juu ya ngozi. Alipomaliza, Sindano aliniambia, "Vuta, dada." Nikaweka mguu kwenye chuma cha kiti, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Haukutikisika.

Siku wifi alipokaa humo mara ya kwanza alifumba macho. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe ya kazini.

"Kumbe matajiri hawaendi popote," akasema. "Wamekaa tu, dunia ndiyo inapita."

"Nyonga inasemaje?" mumewe akauliza.

"Nyonga inauliza ilikuwa wapi siku zote."

Kila asubuhi akampeleka, kila jioni saa kumi akamfuata. Barabara ile ya mlimani mnazijua za namna yake: upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu, na malori ya mbao yanashuka yakinuka breki zilizoungua. Wifi ndiye anayekaa upande yanakopitia malori wakati wa kurudi, pale kwenye kona ya daraja ambapo barabara ya machimbo inaingilia ubavuni. Jioni moja alitusimulia akicheka kwamba lori lilitokea pale ghafla, likasimama karibu na mlango wake kiasi kwamba hata kiganja kisingepita katikati. Dereva wa lori alimpungia mkono kuomba radhi. Wifi akampungia. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli, nikaliweka chini.

Gari nalo likaanza kuonyesha kwa nini lilirudi yadi mara mbili. Kioo kilishuka chenyewe mvua ikinyesha. Gia ilikuwa inatafakari kwanza ndipo iingie. Kifaa kimoja kidogo, cha ukubwa wa sabuni, bei yake ingenunua kigari cha mwalimu na mafuta ya mwezi. Gari la tajiri likizeeka halishuki na kuwa gari la maskini. Linabaki la tajiri, ila sasa ni mgonjwa. Sindano akawa anahitaji kazi zaidi, na gari lenyewe likamletea, maana watu waliviona viti vyake kwenye vituo vya mafuta wakaulizia fundi. Walikuja watatu. Wa kwanza mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wa pili mwalimu mkuu wa shule ya sekondari. Wa tatu alikuwa mpita njia, mwanamume mwenye gari jeupe, aliyesema atasubiri hapo hapo mpaka kiti kiishe.

"Kiti kimoja tu, fundi, cha mbele. Ndicho anachokalia mama yangu. Amezeeka, mgongo unamsumbua. Nishonee kisifumuke mpaka arudi kwa Muumba wake."

"Kitamshinda umri," Sindano akasema.

Magari yote matatu yalikuwa na mshono ule ubavuni. Nilifumua mishono yote mitatu, naye akaishona upya kwa nailoni. Mpita njia akavuta, akaridhika, akalipa, akaenda. Hatukumuuliza jina. Fundi viti haulizi mteja jina, anauliza rangi.

Ukweli tuliupata mchana mmoja kwa sababu ya kile kioo kinachoshuka chenyewe. Sindano alimwita fundi umeme wa magari, mtu wa makamo, mtulivu, anayefanya kazi na miwani iliyofungwa kwa kamba. Aliufungua mlango wa abiria, akachomoa swichi. Alipotaka kujishikiza ainuke, mkono wake ukagusa ubavu wa kiti. Ukasimama hapo.

"Fundi, hapa kashona nani?"

Sindano alikuwa anasubiri swali kama hilo tangu asubuhi. "Mimi mwenyewe. Vuta uone."

"Nivute?"

"Vuta. Usinionee huruma."

Yule fundi akavuta kidogo. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi. Kisha akauachia mshono taratibu, akavua miwani, akaifuta kwa shati, na alichukua muda mrefu kuifuta.

"Umeona?" Sindano akasema. "Hakuna mtu hapa mjini—"

"Kulikuwa na kitambaa hapa, kina maandishi."

"Jina la kiwanda. Tulikitoa."

"Si jina la kiwanda." Akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, kama mtu anayechagua nani ampe mzigo. "Yale maandishi ni onyo. Yanasema usifunike hapa, usishone hapa. Humu ndani kuna mfuko wa hewa. Hapa ndipo mlango wake wa kutokea."

Akatueleza yote, polepole, bila kutukemea. Afadhali angetukemea.

"Na usipopata pa kutokea?" Sindano akauliza. Sauti yake sikuijua.

"Nguvu yote inabaki kwenye kiti. Inatafuta njia. Itamsukuma aliyekaa, au itatokea isikotakiwa. Mimi sijawahi kuona, na siombi kuona. Hapa nani hukaa?"

Niligeuka nikatazama ukutani. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na robo. Saa kumi wifi angekuwa amesimama kwenye ngazi za zahanati na begi lake, akimsubiri mumewe.

Sindano alichukua kiwembe changu, akaingia ndani ya gari, akaanza kuufumua mshono wake mwenyewe. Nilimwona akihangaika. Nailoni ilikuwa inaugomea wembe, vidole vyake vikateleza, akajikata, ngozi ya kahawia ya kiti ikapata madoa. "Nipishe," nikamwambia, "hii ni kazi yangu." Lakini hakunipisha. Alifumua mpaka ubavu wa kiti ukawa wazi kama kidonda, mfuko mweupe ukaonekana, naye akakaa akiuangalia.

"Mimi nilimwahidi Mungu, dada."

"Nilikuwepo."

"Kila siku nilikuwa namfungia mlango mwenyewe. Namfunga mkanda mwenyewe."

Aliondoka kumfuata mkewe, mimi nikaketi nyuma kwa sababu niliogopa kumwacha aende peke yake. Wifi alishuka ngazi kwa ule mwendo wake, akafika, akakuta mlango wa nyuma ndio uliofunguliwa.

"Leo kuna nini? Mnanikalisha nyuma kama waziri?"

"Panda tu, mama," Sindano akasema.

"Kiti changu kimepata mwingine?"

Akapanda, akakaa karibu nami, akaona kile kiti cha mbele kilivyochanwa, akaiona damu. Tukaanza kushuka mlima. Kwenye kona ya daraja lori lilikuwa limesimama likisubiri tupite, na Sindano alipunguza mwendo mpaka magari ya nyuma yakaanza kutupigia honi.

Nyumbani alimwambia yote. Alimwambia akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto mbele ya mwalimu. Nilitazamia wifi alie au apige kelele. Yeye ni mtu aliyepokea watoto wa watu kwa miaka ishirini, ameona mambo, hashtuki ovyo. Alijisugua nyonga yake polepole.

"Na wale wengine?" akauliza.

"Wengine gani?"

"Wale watatu. Mimi nimeshajua, nitakaa nyuma. Mwenye duka anajua? Yule bibi wa gari jeupe, anajua?"

Mdogo wangu akaketi chini, sakafuni.

Asubuhi yake alikwenda kwa mwenye duka. Mwenye duka alicheka, akasema mafundi siku hizi wana njia nyingi za kumrudisha mteja alipe mara mbili, lakini akamruhusu afumue. Mwalimu mkuu hakucheka. Alimfokea mbele ya walimu wenzake, akamwita mjinga aliyecheza na roho za watu, na Sindano alisimama akapokea kila neno, kisha akaomba ruhusa, akapiga magoti kwenye gari la mwalimu mkuu na kuufumua mshono wake huku wanafunzi wakichungulia madirishani. Habari ilisambaa. Kazi za viti vya magari zikakatika, na za makochi nazo zikapungua. Ile desturi ya "vuta" aliiacha siku ile ile. Sijamsikia akiitamka tena.

Gari jeupe hakulipata. Hatukuwa na jina, wala namba ya simu, wala namba ya gari. Tulikuwa na rangi, na mwanamume wa kimo cha kawaida, na mama yake mwenye mgongo mbovu ambaye hatukuwahi kumwona. Sindano akaanza kuzunguka. Akimaliza kumpeleka wifi mlimani, hupita kwenye vituo vya mafuta, kwenye wanapoosha magari, nje ya hospitali, nje ya nyumba za ibada watu wakiwa ndani wanasali. Huinama, huweka viganja kwenye kioo, huchungulia kiti cha mbele. Amekwishafukuzwa na walinzi. Kuna siku alipigwa, wakidhani ni mwizi wa redio, na alipowaeleza kwamba anatafuta mshono wake wakampiga zaidi, wakidhani anawadhihaki. Wifi alimwosha uso. Asubuhi mwenyewe akamwambia, "Jaribu na kule sokoni, upande wa maghala."

Juma lililopita kulikuwa na ajali pale kwenye kona ya daraja. Gari jeupe na lori la machimbo. Nilisikia kwa majirani, na kabla sijamaliza kufunga kilemba Sindano alikuwa ameshatoka. Nilimkuta kwenye uwanja wa polisi walikolivuta lile gari. Lilikuwa limefunikwa turubai, na chini ya turubai lilikuwa limeingia ndani ubavuni, upande wa abiria, kama debe lililokanyagwa. Askari kijana alikuwa amemzuia.

"Mzee, wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Hapana, afande."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kushika kiti. Kushika tu. Sitafunua."

Sijui askari yule aliona nini usoni mwake. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akageuka upande kama anayepiga chafya. Sindano akapiga magoti kwenye kokoto, akaupitisha mkono chini ya turubai mpaka begani, akafumba macho. Niliona bega lake likisogea, likitafuta. Midomo yangu ilikuwa inasali lakini sikujua naomba nini, maana lolote ambalo ningeomba lilikuwa limeshatokea.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akautoa mkono, vidole vimejaa vipande vidogo vya kioo, akaniangalia.

"Si wangu, dada. Umefumuka."

"Mungu ashukuriwe," nikasema, na neno likaniuma mdomoni, kwa sababu mtu alikuwa amekufa ndani ya gari lile, na mahali fulani watu wake walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa natoa shukrani.

Nilimtoa vioo vidoleni kwa pini, kimoja kimoja, tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa uwanja wa polisi. Barabarani magari yalikuwa yanapita, na kila lilipopita jeupe mkono wake ulikuwa unavutika kutoka kwenye mkono wangu, na kila mara nilimshika nikamwambia atulie nimalize. Nilipomaliza aliinuka, akajipangusa magoti, akatazama saa. Ilikuwa saa nane. Alikuwa na saa nzima kabla ya kuondoka kumfuata mke wake, na hospitali ya upande wa pili wa mji hakuwa amekwenda kuchungulia tangu Jumatatu.